Sekunde ya Kwanza ya Mota: Namna ya Kuchagua Jenereta kwa Pampu na Mashine Zetu

Hotuba kwa wakulima wa umwagiliaji na mafundi umeme, Iringa

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mafundi wenzangu, nanyi wakulima mlioacha mashamba tangu alfajiri ili tukae pamoja hapa: wazee shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze kuhusu jenereta za kubebeka na mashine zinazozungushwa na mota ya umeme, yaani pampu za maji, kompresa, mashine za kukoboa, misumeno ya maseremala na friza za maduka yetu. Nimekubali kwa moyo wote, kwa sababu katika mota zilizoungua nilizoletewa na watu wanaotumia jenereta, chanzo kimekuwa kile kile mara nyingi kuliko chanzo kingine chochote: mnunuzi alilinganisha kilowati zilizoandikwa kwenye pampu na kilowati zilizoandikwa kwenye boksi la jenereta, akaona za jenereta ni nyingi zaidi, akalipa, akaenda zake.

Mimi mwenyewe nilimpotosha mtu kwa njia hiyo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana katika kazi hii, mzee mmoja mwenye shamba la vitunguu kando ya mto Ruaha Mdogo aliniuliza anunue jenereta ya ukubwa gani kwa pampu yake ya kilowati 1.5. Nikamwambia kwamba kilowati 3 zinamtosha, kwa kuwa ni mara mbili ya pampu. Alinunua. Siku ya kwanza injini ilinguruma vizuri ikiwa haina mzigo, lakini tulipowasha pampu sauti yake ilizama, taa ya kibandani ikafifia, na mota ikabaki inavuma bila kuzunguka. Tulijaribu mara ya pili, ya tatu na ya nne, tukidhani kwamba injini mpya inahitaji kuzoea, na kabla ya jua kutua harufu ya vanishi iliyoungua ilikuwa imejaa kibanda kizima. Mota ilipelekwa mjini ikasukwe upya, na vitunguu vikakaa siku 11 bila maji. Yule mzee hakunilaumu. Hata hivyo kosa lilikuwa langu, na mengi nitakayoyasema leo ni yale ambayo nilipaswa kuyajua kabla sijafungua kinywa changu kumshauri.

Jambo lenyewe liko katika sekunde ya kwanza. Mota inapokuwa inazunguka, huzalisha ndani yake volti inayopingana na ile inayoingia, na upinzani huo ndio unaouzuia umeme usipite kwa wingi kwenye koili. Ikiwa imesimama, upinzani huo haupo, na mota huwa kama transfoma ambayo ncha zake za upande wa pili zimeunganishwa pamoja: umeme unamiminika. Ndiyo maana mota za kawaida zisizo na brashi, ambazo ndizo zilizo kwenye pampu na kompresa zetu nyingi, huvuta wakati wa kuanza takribani mara 5 hadi 7 ya ampea zilizoandikwa juu yake, na huendelea kuvuta hivyo mpaka zikaribie mwendo wake kamili. Pampu nyepesi hufika huko kabla ya sekunde moja kwisha. Mashine yenye gurudumu zito, kama ya kusaga au ya kupasua mbao, huweza kuchukua sekunde kadhaa.

Wengi huniuliza: mbona pampu hiyo hiyo nikiiunga kwenye umeme wa Tanesco inawaka bila shida? Inawaka kwa sababu nyuma ya waya wa Tanesco kuna transfoma kubwa kuliko pampu yako mara nyingi, na nyuma ya transfoma hiyo kuna mitambo ya Mtera, ya Kidatu yenye megawati 204, na ya Bwawa la Julius Nyerere yenye mashine tisa zenye jumla ya megawati 2,115, yote ikizunguka kwa pamoja na kwa uzito ambao pampu ya kitunguu haiwezi kuutikisa. Jenereta yako ina injini moja na gurudumu lake moja dogo. Inaposhtuliwa na mota, mwendo wa injini hushuka, hezi, yaani mipigo ya umeme kwa sekunde, zikashuka kutoka 50, na volti zikaanguka pamoja nazo. Hapo ndipo hatari inapoingia, kwa maana nguvu ya mota ya kujisokota hupungua kwa mraba wa volti: volti zikibaki asilimia 80, nguvu ya kuanza inabaki asilimia 64, zikibaki asilimia 70, inabaki 49, ambayo haifiki hata nusu. Mota iliyokosa nguvu ya kuanza haizunguki, na mota isiyozunguka huendelea kuvuta ampea zile za kuanzia hadi koili ziungue. Mvumo ule tuliousikia kibandani ulikuwa sauti ya jambo hilo, na mkono wangu ulipaswa kuwa umekwishafika kwenye swichi.

Basi tuipige hesabu ya pampu ile ile, kwa namna ambayo ningeipiga leo.

Hatua ya kwanza ni kusoma kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mota, wala si boksi lake. Kilowati 1.5, au hospawa 2 kama wengi wetu tulivyozoea kusema, ni nguvu inayotoka kwenye shafti kwenda kwenye pampu. Umeme unaoingia ni mwingi zaidi, kwa sababu sehemu yake hupotea kama joto. Mota ndogo ya njia moja, yaani ya umeme wa kawaida wa nyumbani, huweza kupoteza zaidi ya robo ya kile inachopokea. Kibati cha pampu ya namna hii huonyesha kitu kama volti 230 na ampea 9.8, na ukizidisha unapata kVA 2.25 hivi, yaani volti mara ampea zikihesabiwa kwa maelfu. Ukizingatia pawa fakta, yaani sehemu ya kVA hizo inayofanya kazi kweli, mota inakula takribani kilowati 2.1 ikiwa kazini. Kumbukeni namba hiyo, kwa kuwa mimi siku ile nilihesabu 1.5.

Hatua ya pili ni kuanza. Tuchukue mara 5, ambayo kwa pampu ya juu ya ardhi ni makadirio ya haki: ampea 9.8 mara 5 ni ampea 49, na kwa volti 230 hizo ni zaidi ya kVA 11. Msishtuke mkakimbilia kununua jenereta ya kVA 11. Volti zikishuka kidogo, ampea nazo hushuka. Tukikubali volti zianguke hadi asilimia 80 kwa muda huo mfupi, mota itavuta ampea 39 kwa volti 184, yaani takribani kVA 7.2. Alternata, yaani sehemu ya jenereta inayozalisha umeme, ikiwa nzuri na yenye kirekebisha volti kinachofanya kazi, ambacho mafundi tunakiita AVR, huweza kubeba kwa sekunde chache takribani mara mbili ya kiwango chake cha kudumu, yaani kile inachoweza kukitoa muda wote. Gawanya 7.2 kwa mbili, unapata 3.6. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha kudumu ambacho alternata inapaswa kuwa nacho, ikiwa ni nzuri, ikiwa mpya, na ikiwa waya ni mfupi.

Hatua ya tatu inatuhusu sana sisi tunaoishi huku juu. Injini isiyo na taabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa sababu hewa inapungua uzito na mafuta hayaungui kwa ukamilifu ule ule. Hapa Iringa tuko kwenye mita 1,500 hivi, na wenzetu wa Mbeya wako kwenye 1,700. Jenereta iliyopimwa karibu na usawa wa bahari inafika kwetu ikiwa imeacha njiani asilimia 15 ya nguvu ya injini yake. Dar es Salaam itakuwa nzima. Kwetu ni pungufu, na muuzaji wa Kariakoo hana sababu ya kulijua hilo usipomwambia jenereta inakwenda wapi.

Tukiweka pamoja hayo yote, na nafasi kidogo kwa ajili ya uchakavu na petroli isiyo safi, jibu la haki kwa pampu ya yule mzee lilikuwa jenereta ya kilowati 5 za kudumu. Ile ya kilowati 3 niliyomshauri ilikuwa na 3 za juu kabisa na 2.8 za kudumu. Ukitoa asilimia 15 ya mwinuko zinabaki 2.4 tu, ambazo zinaipita kidogo sana kazi ya pampu ikiwa tayari inazunguka, na kuanza kwake hazikukugusa hata kidogo.

Nimetaja kiwango cha juu na kiwango cha kudumu, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana namba kubwa iliyochorwa kwenye tangi la jenereta mara nyingi ni ile ya juu, ambayo mashine huweza kuitoa kwa muda mfupi tu. Kiwango cha kudumu huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibati cha alternata au ndani ya kitabu chake. Dai hicho. Ikiwa muuzaji hawezi kukuonyesha kiwango cha kudumu mahali popote palipoandikwa, mimi kwa maoni yangu singeinunua mashine hiyo kwa bei yoyote. Mjue pia kwamba zipo jenereta ndogo zisizo na AVR, zinazorekebisha volti kwa kapasita peke yake, ambazo kwa taa na chaja za simu zinafaa lakini volti zake huporomoka vibaya mota inapoanza; na zipo zile tulivu za inveta, nzuri sana kwa kompyuta na kwa usingizi wa majirani, ambazo elektroniki zake hukata umeme mara moja ampea zinapozidi. Kwa mota, jenereta nzito ya kawaida yenye gurudumu la maana na koili za shaba ina faida kuliko nyepesi yenye namba ile ile.

Sasa waya. Hili ndilo ninalolikuta limesahauliwa hata na mafundi wenye vyeti. Mkulima hapendi kelele wala moshi karibu na pampu, au anaogopa jenereta isiibwe mtoni, basi anaiacha nyumbani na kuvuta waya mita 50. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa omu 12.1 kwa kilomita. Kwenda na kurudi mita 50 ni mita 100, yaani omu 1.2. Pampu ikiwa kazini kwa ampea 9.8 inapoteza volti 12, ambazo zinavumilika. Lakini pitisha ampea 39 za kuanza kwenye waya huo huo, na volti 47 zinabaki njiani. Jenereta inatoa 184 zilizokwisha kushuka, mota inapokea 137. Ni vigumu sana pampu kuanza kwa volti 137, na mkulima atarudi dukani kulalamikia jenereta ambayo haina kosa. Kwa waya wa milimita 6, upotevu ule ule unakuwa volti 12. Fedha ya waya mnene ni chungu, najua, kwa hiyo mara nyingi nashauri jenereta isogezwe karibu na mota kwa toroli na kurudishwa nyumbani jioni.

Si kila mota inadai kiasi kile kile. Grainda na drili za mkononi zina brashi, huanza bila mzigo, na hazisumbui. Mara mbili ya wati zake inatosha. Kompresa ya gereji inasumbua sana ikiwa inaanza huku tangi lina upepo, kwa hiyo hakikisha vali ya kupunguza upepo kwenye bomba la pistoni inafanya kazi, ile inayotoa sauti ya kupumua kila kompresa inaposimama. Friza ina mota ndogo, lakini inajizima na kujiwasha yenyewe, na inaweza kuchagua kuanza katika dakika ile ile ambayo pampu inaanza.

Pampu za kuzama kwenye visima virefu zinahitaji neno la peke yake. Beringi inayobeba uzito wa shafti ndani ya mota hizo hulainishwa na majimaji yaliyo ndani ya mota yenyewe, na hulindwa na mwendo: ikizunguka polepole, utando ule mwembamba wa majimaji hautengenezeki na beringi inasagika. Kwa hiyo mota ya kuzama ni lazima ifike kasi yake upesi, na jenereta dhaifu huiua hata kama inafanikiwa kuizungusha. Majedwali ya watengenezaji wa mota hizo yanataka kilowati 3 kwa mota ya njia moja ya robo tatu ya hospawa, kilowati 4 kwa hospawa 1, kilowati 7.5 kwa hospawa 2, na kilowati 10 kwa hospawa 3. Angalieni tofauti: hospawa 2 juu ya ardhi tumeifanyia hesabu tukapata 5, na hospawa 2 kisimani inadai 7.5. Kwa sababu hiyo hiyo ya beringi, washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uwashe pampu. Na jioni zima pampu kwanza, ndipo uzime jenereta. Mtu anayezima jenereta huku pampu inazunguka anaiburuza beringi hiyo kwenye mwendo mdogo kila siku, na siku pampu itakapotolewa kisimani hatajua nani aliyeiharibu.

Zipo njia za kupunguza mshtuko wa kuanza. Kwa mota za njia tatu, yaani zinazolishwa na nyaya tatu za umeme, ipo swichi ya kuanzishia iitwayo stata ya sta-delta, inayopunguza ampea za kuanza hadi theluthi, lakini nguvu ya kuanza nayo inashuka hadi theluthi, kwa hiyo mashine ianze tupu. Kwa pampu ya kawaida ya juu ya ardhi yenye feni ndani, kufunga vali ya kutolea maji wakati wa kuwasha na kuifungua polepole baadaye huifanya mota ifike kasi haraka zaidi. Msifanye hivyo kwa pampu ya pistoni, itapasua bomba. Njia ninayoipenda kuliko zote kwa mtu anayeanza upya ni kununua pampu ya njia tatu ya hadi kilowati 2.2 na kuiunga kwenye inveta ya kuendeshea mota, inayopokea umeme wa njia moja wa volti 230 na kutoa njia tatu, mota ikiwa imefungwa kwa delta, yaani koili zake zimeungwa kwa umbo la pembetatu, inayokubali volti hizo. Inveta huianzisha mota taratibu, hezi zikipanda kidogo kidogo, na ampea hazivuki sana zile za kazini. Jenereta bado iachiwe nafasi, kwa kuwa inveta huvuta umeme kwa mipigo isiyo laini, lakini tofauti ya bei ya jenereta ndogo na kubwa inaweza kuilipa inveta yenyewe, na petroli ya kila siku nayo ikapungua.

Mwenye mashine kadhaa kwenye jenereta moja aanze na mota kubwa kuliko zote wakati nyingine zimezimwa, aiache ifike kasi, ndipo awashe inayofuata kwa ukubwa. Katika hesabu yake ajumlishe kazi ya mashine zote zitakazokuwa zinaendelea, kisha kwa kila inayoanza aongeze kuanza kwake, na achukue jumla iliyo kubwa kuliko zote.

Niseme jambo moja ambalo wauzaji wa jenereta hawatalipenda. Kama kazi yako pekee ni kuvuta maji ya mto kwenda shamba lililo mita chache juu yake, usinunue jenereta kabisa. Nunua pampu yenye injini yake. Kugeuza nguvu ya injini kuwa umeme, kisha kuugeuza umeme kuwa mzunguko tena, ni kupoteza petroli mara mbili, na mashine nyingi za kusaga vijijini zilifungwa mkanda moja kwa moja kwenye injini ya dizeli kwa sababu hiyo hiyo yenye busara. Jenereta ina maana pale ambapo kisima ni kirefu, au pale ambapo umeme huo huo utachomelea, utakoboa na kupoza samaki.

Mwisho kabla hatujatoka: jenereta isiwashwe ndani ya kibanda, wala ndani ya chumba chenye dirisha wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Wala isiungwe kwenye waya za nyumba bila swichi ya kubadilisha inayotenganisha Tanesco na jenereta, kwa maana umeme wako utapanda nguzo na kumkuta fundi aliyeambiwa kwamba laini imezimwa.

Ndugu Mwenyekiti, pale nje chini ya mwembe nimeweka jenereta ya kilowati 5, pampu ya kilowati 1.5, kipande cha waya wa milimita 1.5 chenye mita 50 na kingine cha milimita 6. Nina mita ya kubana kwenye waya inayokamata ampea za kuanza. Naomba mafundi watatu waje mbele wasome kibati cha mota kwa sauti kabla hatujawasha chochote, na wakulima mliokuja na picha za vibati vya pampu zenu kwenye simu, kaeni upande wangu wa kulia ili tupige hesabu ya kila mmoja baada ya kuona namba zikitokea kwenye mita.